Lugha Mbili Katika Malezi ya Mtoto: Historia ya Hofu na Historia ya Nyumba

Utangulizi

Katika nchi zetu si rahisi kumpata mtoto anayekua akisikia lugha moja tu. Mama huwa na yake, baba ana yake, jirani ana yake, na sokoni inasikika nyingine tena. Hata hivyo, mzazi akiamua kwa makusudi kumlea mwanawe kwa lugha mbili tangu uchangani, na hasa mojawapo ikiwa Kiswahili, maswali hayakosekani. Je, mtoto hatachelewa kusema? Hatachanganyikiwa? Si afadhali aanze na moja barabara, hiyo nyingine akaisomee shuleni? Anayeuliza huweza kuwa bibi wa mtoto, jirani, au hata mwalimu wa chekechea.

Maswali haya yana historia. Yalizuka mahali fulani, kwa sababu fulani, na yamekwisha kujibiwa kwa kiasi kikubwa. Makala haya yanapitia kwa ufupi historia mbili. Ya kwanza ni ya wazo lenyewe la kumlea mtoto kwa lugha mbili, kama lilivyojadiliwa na wanaisimu na wanasaikolojia. Ya pili ni ya Kiswahili kuingia, au kushindwa kuingia, katika nyumba za nchi zinazopakana na pwani na bara la Waswahili: Kongo, Burundi na Uganda. Hoja yetu ni kwamba historia zote mbili zinatupeleka mahali pamoja. Kikwazo hakijapata kuwa akili ya mtoto. Kilichoamua ni kama lugha ilikuwa na watu wa kuisema karibu na mtoto, na kama watu hao waliionea fahari.

Ronjat na Leopold: wazazi wenye daftari

Mwaka 1908 mwanaisimu Mfaransa Jules Ronjat alipata mtoto wa kiume, Louis. Mama wa mtoto alikuwa msemaji wa Kijerumani. Ronjat alimwomba ushauri mwanaisimu mwenzake, Maurice Grammont, naye akamjibu kwa maneno machache: hakuna haja ya kumfundisha mtoto somo lolote, inatosha kila mzazi aseme naye kwa lugha yake mwenyewe, kila siku, katika mambo yote ya kawaida, wala wasibadilishane. Huo ndio msingi wa utaratibu unaojulikana hadi leo kama mtu mmoja, lugha moja.

Ronjat alifuata ushauri huo na akaandika aliyoyasikia. Kitabu chake kilichapishwa Paris mwaka 1913. Kilionyesha kwamba Louis alipata matamshi na sarufi ya lugha zote mbili sambamba, bila kuchelewa, na kwamba mapema sana alijua nani wa kuambiwa nini kwa lugha ipi.

Daftari la pili maarufu ni la Werner Leopold, profesa wa chuo kikuu cha Northwestern, Marekani. Binti yake Hildegard alizaliwa mwaka 1930. Baba alisema naye Kijerumani, mama Kiingereza. Leopold alirekodi usemi wa mtoto kwa uangalifu mkubwa, na kazi yake ikatoka katika juzuu nne kati ya mwaka 1939 na 1949. Yeye aliona jambo tofauti kidogo na Ronjat: katika miaka miwili ya mwanzo Hildegard alitumia maneno ya lugha zote mbili kana kwamba ni akiba moja, akaanza kuyatenga baadaye.

Leopold aliona pia jambo ambalo mzazi yeyote atalitambua. Kijerumani kilikuwa na msemaji mmoja tu nyumbani, ilhali Kiingereza kilikuwa na mama, majirani, watoto wenzake na mtaa mzima. Basi Kijerumani kikadhoofika. Lakini Hildegard alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi familia ilikaa Ujerumani kwa miezi kadhaa, na mizani ikapinduka: Kijerumani kikashika, Kiingereza kikarudi nyuma. Mtoto alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliomzunguka na lugha waliyoitumia.

Miaka ya hofu

Ingawa daftari la Ronjat lilikuwapo tangu mwaka 1913, wasomi wengi wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 hawakulifuata. Mwaka 1923 D. J. Saer alichapisha utafiti wake kuhusu watoto wapatao 1,400 wa Wales, wa umri wa miaka 7 hadi 14. Alitangaza kwamba watoto wa vijijini wenye lugha mbili, Kiwelsh na Kiingereza, walipata alama za chini katika majaribio ya akili kuliko wenzao wa lugha moja. Matokeo hayo yalinukuliwa kwa miaka mingi. Kilichonukuliwa kwa nadra ni kwamba Saer huyohuyo hakuona tofauti ya namna hiyo kwa watoto wa mjini. Kama lugha mbili zingekuwa sumu ya akili, zingewadhuru wa mjini pia. Ni wazi kwamba palikuwa na mengine yaliyopimwa bila kutajwa, na la kwanza ni hali ya maisha ya kijijini.

Siasa nayo ilichangia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, majimbo kadhaa ya Marekani yalipiga marufuku kuwafundisha watoto wadogo lugha za kigeni, na shabaha kubwa ilikuwa Kijerumani. Sheria ya Nebraska ya mwaka 1919 ilitenguliwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1923. Aghalabu lugha ya pili iliyoogopwa haikuwa lugha yoyote tu. Ilikuwa lugha ya wahamiaji, ya maskini, au ya walioshindwa vita. Jambo hili tulikumbuke tutakapofika Uganda.

Hofu inapopimwa upya

Mageuzi yalikuja mwaka 1962. Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto 164 wa umri wa miaka kumi katika shule za Montreal, Kanada, huku wakilinganisha hali ya kiuchumi ya familia zao. Watoto wenye Kifaransa na Kiingereza waliwazidi wenzao wa lugha moja katika majaribio mengi. Wahakiki walisema baadaye, na ni haki kulitaja, kwamba waliochaguliwa walikuwa tayari hodari katika lugha zote mbili. Hata hivyo, baada ya hapo haikuwezekana tena kusema kirahisi kwamba lugha mbili hudumaza akili.

Mwaka 1972 hoja ilifika barani mwetu. Anita Ianco-Worrall aliwachunguza watoto wa Afrika Kusini waliolelewa kwa Kiafrikana na Kiingereza. Aliwauliza maswali ya kulinganisha maneno kwa sauti au kwa maana. Kwa mfano wetu wa Kiswahili tungeuliza: neno «kiti» liko karibu zaidi na «kuti» au na «kigoda»? Watoto wadogo wa lugha moja walielekea kuchagua sauti. Wenzao wa lugha mbili waliitazama maana mapema zaidi, kwa tofauti ya miaka miwili au mitatu. Mtoto aliyekwisha kuona kwamba kitu kimoja kina majina mawili hujua mapema kwamba jina si kitu chenyewe.

Swali la kuchanganyikiwa nalo lilipata jibu. Mwaka 1989 Fred Genesee alionyesha kwamba kuchanganya maneno hakuthibitishi kuwa mtoto ana mfumo mmoja tu kichwani. Mwaka 1995 yeye na wenzake walionyesha kuwa watoto wa Montreal wenye umri wa karibu miaka miwili huchagua lugha kwa kumtazama wanayezungumza naye. Wakikosa neno katika lugha moja huliazima kutoka nyingine, kama watu wazima wafanyavyo.

Mwaka 2007 Annick De Houwer alichapisha matokeo ya uchunguzi wa familia 1,899 za Flanders, Ubelgiji, ambazo angalau mzazi mmoja alisema lugha nyingine isiyo Kiholanzi. Karibu robo ya familia hizo watoto hawakuisema lugha hiyo ya nyumbani kabisa. Na ule utaratibu wa mtu mmoja, lugha moja haukuwa hakikisho: kuna waliuzingatia wakashindwa, na kuna wasiouzingatia wakafaulu. Waliofanikiwa zaidi ni wale ambao wazazi wote wawili walitumia lugha isiyo ya mtaani. Kwa lugha nyepesi, lugha yenye nguvu mtaani itamfikia mtoto tu. Ile nyingine ndiyo inayohitaji nyumba.

Kiswahili kinapoingia nyumbani: Lubumbashi na Buyenzi

Tafiti hizo zilifanywa mbali nasi, isipokuwa moja. Lakini mambo yaliyoelezwa humo yalikwisha kutendeka katika miji yetu bila daftari la profesa.

Mfano mkubwa ni Lubumbashi, mji uliojulikana zamani kama Elisabethville, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwaleta wafanyakazi kutoka sehemu nyingi za Kongo, Rodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi. Mwanzoni walikuja wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili sera na kuruhusu wafanyakazi kukaa kambini na wake zao na watoto. Hapo ndipo historia ya lugha ilipogeuka. Mume Mluba na mke Mbemba, majirani wa makabila mengine, bomba moja la maji, uwanja mmoja wa kuchezea: watoto wa kambini walikipokea Kiswahili kutoka kwa mama jikoni na wenzao uani. Lugha ya mgodi ikawa lugha ya kubembelezea watoto, na katika vizazi vilivyofuata ikawa lugha ya kwanza ya watu wengi wa mji huo.

Kiswahili hicho kina sura yake. Husikika «batoto» badala ya «watoto», «bintu» badala ya «vitu», na «katoto» kwa mtoto mdogo. Walimu wengi hukiita kibovu. Lakini tukikitazama kihistoria, viambishi hivyo ni alama za lugha walizokuja nazo wazazi. Havikuharibiwa na uzembe; vilipangwa upya na watoto waliokuwa na lugha zaidi ya moja nyumbani.

Burundi ina mfano mwingine. Mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura unajulikana tangu enzi za Wabelgiji kama mtaa wa Waswahili, wengi wao Waislamu. Nchini ambamo karibu kila mtu anasema Kirundi, mtoto wa Buyenzi hakosi Kirundi hata wazazi wasipojishughulisha. Kiswahili ndicho kilichohitaji ua, kibaraza, madrasa na bibi, navyo vyote vilikuwapo. Hii ndiyo hali aliyoieleza De Houwer kwa takwimu za Ubelgiji.

Uganda: lugha iliyobaki mlangoni

Uganda haikukosa Kiswahili. Wamisionari wa kwanza waliofika Buganda katika miaka ya 1870 walianza na maandishi ya Kiswahili kabla ya vitabu vya Kiganda kupatikana. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya nchi. Kabaka Daudi Chwa alipinga, na maaskofu pia. Walihofia nafasi ya Luganda, na walihofia pia kuunganishwa na Kenya ya walowezi. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa shuleni, kikabaki kwa askari polisi na familia zao.

Katika jeshi kiliendelea tangu King's African Rifles ilipoundwa mwaka 1902. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Tangazo hilo halikukipeleka jikoni. Katika miaka ya 1970 na 1980 Waganda wengi walikisikia Kiswahili kwenye kizuizi cha barabarani, kikisemwa na mtu mwenye bunduki. Lugha uliyoamriwa nayo ulale chini si rahisi kumbembelezea mtoto nayo. Tukitaka kuelewa kwa nini bibi anakunja uso mjukuu akisema «shikamoo», tusikimbilie kumlaumu kwa ushamba. Huenda ana kumbukumbu.

Kisheria mambo yamebadilika. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mwaka 2021 UNESCO iliteua tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi. Julai mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sasa kina sheria, silabasi na mtihani. Nyumba ndiyo ingali haba.

Mtoto kati ya lugha mbili za Kibantu

Ronjat na Leopold waliwalea watoto kwa lugha za Ulaya. Mzazi wa Kampala anayemlea mwanawe kwa Luganda na Kiswahili ana kazi ya namna nyingine, kwani lugha zake ni ndugu. Mtoto husikia «amazzi» na «maji», «ekitabo» na «kitabu», «ennyumba» na «nyumba», «okulya» na «kula». Maneno yanakaribiana kiasi kwamba mtoto anaweza kubahatisha, na mara nyingi akapatia.

Ukaribu huo una mitego yake. Mtoto akisema «nataka amata», sarufi ni ya Kiswahili ila maziwa ameyaita kwa Luganda, au kwa Kinyarwanda au Kirundi akiwa Kigali au Bujumbura. «Omukazi» wa Luganda ni mwanamke. «Mkazi» wa Kiswahili ni mwenyeji wa mahali. Kiambishi «ki-» katika Kiswahili hudogosha, kama katika «kitoto». Katika Luganda «eki-» huweza kukuza na kudharau, na udogo huonyeshwa na «aka-». Basi mtoto wa Kampala akisema «katoto» kama mwenzake wa Lubumbashi, hajachanganyikiwa. Ametumia kanuni halali ya lugha moja kwenye shina la nyingine.

Mzazi asisahau pia kwamba makosa mengine hayatokani na uwililugha. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu watoto wa Nairobi, alionyesha kuwa watoto wadogo wanaojifunza Kiswahili mara nyingi hudondosha kiambishi cha nafsi: husema «taka» badala ya «nataka». Hiyo ni hatua ya kawaida ya ukuaji. Jirani akiisikia katika nyumba ya lugha mbili atasema, «Si nilikwambia?» Mwanafunzi wa isimu anapaswa kuwa na jibu.

Msamiati wa nyumbani

Hapa suala linatugusa sisi wa idara. Wengi wetu tulikipata Kiswahili darasani. Tunajua kueleza ngeli na unyambulishaji, lakini tukimbeba mtoto tunarudi kwenye lugha nyingine, kwa sababu Kiswahili cha darasani hakikutufundisha maneno ya malezi. Mtoto anapocheua baada ya kunyonya, anapotambaa, anaposimama dede, anapobebwa kwa mbeleko, anapoachishwa ziwa, anapodeka: maneno haya hayatahiniwi. Bila hayo mzazi hawezi kukaa katika lugha kwa saa nzima ya kumwogesha, kumlisha uji na kumlaza. Anakwama, anahama, na mtoto anajifunza kwamba Kiswahili ni lugha ya salamu tu.

Dawa ipo na haina gharama. Wenzetu waliokulia Mombasa, Unguja, Kigoma au Bukavu wapo chuoni. Tuwaulize walivyobembelezwa, walivyokanywa, walivyotishwa wasiguse moto. Tukusanye nyimbo za kulaza watoto, vitendawili na hadithi za jioni. Tutumie na tulicho nacho: chakula cha jioni kwa Kiswahili kila siku kinamfaa mtoto kuliko Jumamosi nzima mara moja kwa mwezi. Akijibu kwa Luganda, asikaripiwe. Aendelee kujibiwa kwa Kiswahili. Luganda isionekane kuwa adui, maana heshima ya lugha moja haijengwi kwa kuibomoa nyingine, na historia ya mwaka 1927 imetuonyesha matokeo ya watu kuhisi kwamba lugha yao inanyang'anywa nafasi.

Hitimisho

Tumeona kwamba hofu ya lugha mbili ilijengwa juu ya vipimo vilivyosahau umaskini na juu ya siasa zilizochukia wasemaji fulani. Tumeona pia kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya watoto pale kilipopata mama, bibi na watoto wa kucheza nao, na kikabaki mlangoni pale kilipokuja na amri peke yake. Lubumbashi hakukuwa na silabasi iliyowaambia akina mama waseme nini kwa watoto wao.

Tunapendekeza jambo moja la kuanzia. Wazazi miongoni mwetu, walimu na wanafunzi, wafungue daftari kama alivyofanya Ronjat. Waandike tarehe, umri wa mtoto kwa miezi, aliyezungumza naye, na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, pamoja na «taka», «amata» na «katoto» zake. Baada ya miaka mitatu madaftari matano tu yatatupa data ya namna mtoto anavyozitenganisha lugha mbili za Kibantu nyumbani. Daftari hizo zitafaa kwa tasnifu. Na katika nyumba tano patakuwa na watoto wanaojua kuomba maji kwa Kiswahili.